Sapatu Nyeupe za Fes

Mjukuu wangu Neema alirudi wiki jana kutoka Moroko. Alikaa siku nne tu, yeye na wenzake wawili, wauguzi kama yeye, wakitembea na kutazama mji wa zamani wa Fes. Vijana wa siku hizi huenda hivyo. Wanapata mapumziko mafupi, wanapanda ndege, wanatazama kuta na milango ya kale, wanapiga picha, na Jumatatu wako tena wodini. Alikuja kwangu hapa Frogtown, mtaani kwetu Saint Paul, Marekani, akitokea kwake Woodbury, theluji ingali kwenye mabega ya koti, akanipa mfuko wa karatasi.

"Koko, ni ngozi ya ukweli," akasema. "Inanuka kidogo, sorry. Uweke kwa balcony, itaisha."

Nilipoukunjua ule mfuko harufu ilinifikia kabla sijaona kilichokuwa ndani. Zilikuwa sapatu za njano, zile za ngozi zisizo na kisigino, ambazo mtu huzikanyaga nyuma na kuziburuta. Nilikaa chini. Neema akadhani ni presha, akanishika kifundo cha mkono akitafuta mapigo, kama wafanyavyo watu wa kazi yake. Nikamwambia si presha. Nikamwambia kwamba harufu hiyo haiishi kwa kuwekwa nje, kwamba mimi niliinusa nikiwa na miaka kumi na bado naijua.

Hakuniamini. Na sina sababu ya kumlaumu. Wajukuu wangu wanajua tulitoka Uvira, Kongo, wanajua kambi ya wakimbizi, wanajua ndege iliyotuleta na baridi iliyotupokea. Sijawahi kumwambia yeyote kati yao kwamba nilikaa siku tatu Fes na baba yangu. Hata watoto wangu niliwaambia tu kwamba babu yao alitibiwa mbali, akarudi, akafa. Mambo mengine mtu huyaficha kwa sababu ni siri, na mengine kwa sababu anaona aibu. Hili lilikuwa la aibu.

Baba alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya misheni. Alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya chini, aliyependa kuchora ramani ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu. Alipoanza kuugua tumbo hatukushtuka. Nani hakuugua tumbo. Kisha akakonda hadi kola ya shati ikawa inacheza shingoni, na weupe wa macho yake ukageuka njano. Mdogo wake, Baba Mdogo Safari, wakati ule alikuwa dereva wa ubalozi wetu kule Rabat, Moroko, akaandika kwamba aletwe, wako madaktari wazuri. Mama alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Na kwetu, watu wa rika langu wanakumbuka, mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wa nyumbani wa kumfulia, kumkorogea uji na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Tulimwita garde-malade, kwa Kifaransa cha wamisionari. Mtu huyo alikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko kufua: yeye ndiye aliyekuwa na habari. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Ingekuwa kukosa adabu. Wakirudi, garde-malade ndiye aliyesimama mbele ya kanisa na kusema Mungu ametenda nini.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza. Mama alinifunga kitambaa kichwani kama mtu mzima, akaniambia, "Umtazame baba yako vizuri, unieleze kila kitu." Nikapanda ndege nikiwa garde-malade.

Kuhusu hospitali ya Rabat nina machache. Nakumbuka sakafu iliyong'aa ambayo niliifagia kila asubuhi ingawa mwanamke wa usafi alikuja baada yangu na kuifagia tena, akinitazama kwa huruma. Nakumbuka nilimwomba Mungu kwa bidii, na kwa kuwa nilikuwa mtoto nilimpa na masharti. Nilimwambia akimponya baba nitamtangaza kwa sauti kubwa, sitaona haya.

Asubuhi moja daktari alizungumza na Baba na Baba Mdogo nje ya mlango, kwa muda mrefu. Niliona migongo yao tu. Baba aliporudi alivua gauni la hospitali, akavaa suti yake ya kijivu iliyokuwa imemshinda kwa upana, akakaa kitandani kufunga kamba za viatu. Aliifunga ya kwanza akapumzika, ndipo akaifunga ya pili.

Nikamuuliza, "Baba, tunaondoka?"

"Tunaondoka. Daktari amesema hana dawa nyingine ya kunipa."

Mtoto husikia kwa masikio ya haja yake. Mimi nilielewa hivi: anayeumwa hupewa dawa, na asiyepewa tena dawa amepona. Nikamtazama Baba Mdogo Safari anithibitishie, lakini alikuwa ameelekea dirishani. Baba akaendelea kusema kwamba ndege yetu ilikuwa baada ya siku chache, kwamba tulikuwa na siku tatu zetu wenyewe, na kwamba alitaka kwenda kuuona mji wa Fes. Alikuwa ameufundisha maisha yake yote na hakuwahi kuukanyaga. Hapo ndipo shaka ikaniisha kabisa. Mgonjwa hatembei kutazama miji. Nilipiga magoti palepale kando ya ndoo yangu, nikashukuru, na Baba akaniwekea mkono kichwani, akaniacha nishukuru.

Tulienda kwa treni. Tulipokelewa na mama mzee mmoja, Lalla Zohra, mama wa mlinzi aliyefanya kazi na Baba Mdogo. Alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba za Wafaransa, kwa hiyo alizungumza nasi Kifaransa cha jikoni, chepesi, ambacho hata mimi nilikielewa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mji wa kale, nje ukuta mtupu usio na dirisha, ndani ua wenye vigae vya buluu na kijani na mti wa ndimu. Alimtazama Baba usoni mara moja tu, akaenda kumletea mito mitatu ya ziada.

Siku ya kwanza alitutembeza. Vichochoro vya Fes ni vyembamba hivi kwamba punda mwenye mzigo akija lazima mjibandike ukutani, na mwenye punda hupaza sauti kutoka mbali mjihadhari. Kulikuwa na mtaa wa wafua shaba, wote wakigonga pamoja, na mtaa wa mbao za mwerezi uliokuwa unanukia kama kabati la Biblia. Baba alisimama kila baada ya hatua chache. Aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akakaa hivyo. Nilidhani ndivyo mwalimu wa historia anavyotazama ukuta. Kwa hiyo na mimi niliweka kiganja changu ukutani, nikafumba macho, nikawaza juu ya watu wa kale. Tulikwenda hivyo mchana mzima, baba na binti, tukishika kuta za Fes, na Lalla Zohra akitungojea mbele.

Tulifika mlango wa msikiti mkubwa wa chuo. Sisi si Waislamu, hatukuingia. Tulisimama kizingitini tukatazama ua mweupe na maji yaliyokuwa yanachuruzika. Baba alivua kofia. Alisema hapo watu walikuwa wakisoma na kufundishana tangu karne ambazo shuleni kwetu tulizipita kwa kurasa mbili. Kisha akasema, "Ukirudi, wasimulie wadogo zako. Usiseme tu kwamba ni mji mzuri. Waambie na mambo yake." Nikaahidi. Nilishangaa kidogo kwa nini asiwasimulie mwenyewe, naye ndiye mwalimu.

Tulipokuwa tunarudi tukapishana na mwanamke aliyevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Vazi lake lilikuwa jeupe, kitambaa cheupe, hata soksi na sapatu. Alikuwa amebeba ubao wa mikate iliyotoka kuokwa kwenye tanuri la mtaa, na watu walimpisha. Sikuwa nimewahi kuona usafi wa namna ile barabarani. Kwetu nyeupe ilikuwa ya arusi na ya ubatizo.

"Baba, yule ni bibi harusi?"

Baba akamuuliza Lalla Zohra. Yule mama alijibu kwa sauti ya chini sana, akigeuza uso. Tukapita karibu nyumba tatu, ndipo Baba akaniambia, "Ni mwanamke anayestahili heshima." Hakuniambia uongo. Baba yangu hakuniambia uongo hata mara moja katika siku zile tatu, na hilo nimechukua maisha marefu kuliona.

Siku ya pili ndiyo ya harufu. Lalla Zohra alitupandisha ngazi za duka moja hadi kwenye paa, tutazame chini mahali ngozi zinapotengenezwa. Mlangoni tulipewa kila mmoja kitawi cha nanaa cha kushika puani. Chini kulikuwa na mashimo mengi ya duara yaliyopangana kama masega ya nyuki, mengine ya chokaa, mengine ya kinyesi cha njiwa kilicholowekwa, mengine ya rangi, na wanaume walikuwa wamesimama ndani hadi mapajani wakizikanyaga ngozi. Juu ya paa za jirani zilianikwa ngozi za njano, nyingi, njano kali inayoumiza macho. Harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa ambacho bado kinafanyiwa kazi. Baba alinipa nanaa yake niunganishe na yangu. Kisha akainama kwenye kona, akatapika, na nikaona mna damu, ila niliidhani ni rangi ya ngozi. Mzungu mmoja mtalii naye alikuwa anajiziba mdomo. Nikacheka. Nilimwambia Baba kwamba pua yake imekuwa ya kitajiri tangu alale hospitali yenye sakafu inayong'aa. Yeye akapangusa mdomo kwa leso, akacheka pamoja nami.

Dukani chini muuzaji alitutandazia sapatu. Baba alitaka kumnunulia Mama. Muuzaji alileta za njano kwanza, akisema ndizo za Fes hasa. Mimi nikazisukuma pembeni. Sikutaka Mama avae rangi ya macho ya Baba.

"Njano hapana, Baba. Njano ni ya hospitali."

Nikaona jozi moja nyeupe kwenye rafu, nikamkumbuka yule mwanamke wa mikate aliyepishwa na watu wote. Nikaichukua. Lalla Zohra akaninyang'anya jozi hiyo mkononi, akairudisha kwenye rafu, akaniambia hapana, mtoto wangu, hizo si za mama yako. Nikaichukua tena. Akaishika upande mmoja na mimi upande mwingine, mzee yule na mimi, na nilikasirika kwa sababu nilidhani anaitamani.

Baba akamwambia kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi bila kumuaibisha, "Mwache, Mama. Zitamfaa."

Lalla Zohra akaachia. Aliondoka akaenda kusimama nje kichochoroni, na tulipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua basi, kweli alizitamani. Nilimhurumia nikampa vile vitawi viwili vya nanaa.

Siku ya tatu Baba hakutoka. Alikaa uani juu ya mito, chini ya ule mti wa ndimu, akachora mji wote nyuma ya karatasi ya hospitali, milango, mitaa, pale tulipokaa na pale alipotapika, akanieleza kila mstari mara mbili. Mimi nilimsikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa natunga ushuhuda wangu.

Watu wa umri wangu mtakumbuka Jumapili za shukrani zilivyokuwa. Tuliporudi Uvira, Mama alikuwa amechinja mbuzi. Alivaa kitenge chake kizuri na sapatu nyeupe, akitembea kwa vidole kukwepa matope. Baba alikaa benchi la mbele, ameegemea ukuta. Mchungaji alipouliza garde-malade ana neno gani, nilisimama juu ya kiti ili nionekane. Nilisema Baba yangu amepona. Nilisema daktari amemaliza dawa zote, akamwambia aende kutembea, tumetembea Fes siku tatu, tumeona punda na mashimo ya ngozi na mlango wa chuo cha kale. Nilisema kwa sauti kubwa, kama nilivyomwahidi Mungu. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama akapiga kuliko wote, hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Baba alitazama sakafu. Kisha akainuka akishika benchi.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mtoto wangu amesema alichokiona." Akakaa.

Alikufa kabla mahindi tuliyoyaacha machanga tulipokwenda Rabat hayajavunwa.

Kwenye msiba shemasi mmoja alisema, nami nikiwa nimesimama karibu na sufuria, kwamba Mungu alikuwa katikati ya kazi yake kwa mwalimu, ila mtoto aliwahi kutangaza. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Watu hutafuta pa kuiweka huzuni. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilimwamini kwa sababu alikuwa shemasi. Niliamini kwamba nilimdanganya Mama, nikalidanganya kanisa, nikamwaibisha Mungu, na kwamba ndiyo sababu udongo ulikuwa unamiminwa juu ya jeneza la Baba. Nimeokoka, nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimevuka ziwa na mipaka, na Mungu amenitunza kila mahali. Nimesoma Neno lake miaka yote hii, na akilini najua Yeye si wa namna hiyo. Lakini tangu siku ile sijatoa ushuhuda. Hapa Saint Paul mchungaji wetu huniuliza kila mwisho wa mwaka, Mama, una neno? Mimi huomba tuimbe.

Liko jambo moja la msiba huo ambalo sikulielewa. Dada za Baba walikuja, kama ilivyokuwa desturi, wakachukua viti, baiskeli, saa ya ukutani, suti ya kijivu. Mama, aliyekaa chini miguu mitupu kama mjane wa kwetu, hakuwazuia. Hata kitanda alikiacha. Kisha shangazi mkubwa akazishika zile sapatu, akasema mjane hana haja ya viatu vya arusi. Mama akanyanyuka akazichukua.

"Hizi si za arusi," akasema. "Hizi ni za leo."

Akazivaa palepale, mbele ya wote, na kila mtu akaona amechanganyikiwa. Alizivaa hadi tukamaliza matanga. Zilibaki Uvira siku tuliyokimbia. Mama amelala kaburini kule kambini miaka mingi sasa, na hatukuwahi kuzungumza habari hiyo.

Basi, wiki jana, Neema alikaa nami kwenye sofa akinionyesha picha za Fes kwenye simu yake. Kuta zile. Punda. Mashimo ya ngozi, yaleyale. Halafu kichochoro, na mwanamke akipita, mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilimwambia asimamishe hapo. Nikamuuliza kama alimjua ni nani.

"Simjui, Koko. Ila guide alituambia huyo ni mjane. Kwao mjane anavaa white, kila kitu, hata viatu. Miezi nne na siku kumi."

Nikamwomba arudie. Akarudia, pole pole, akidhani sikio langu halijasikia vizuri.

Baba alizinunua akijua. Aliposema zitamfaa alikuwa anamnunulia mke wake viatu vya kumlilia. Hilo niliweza kulibeba. Nilikaa nalo siku nzima, nikamshukuru Mungu kwa baba aliyemwacha mtoto wake ashike kuta kwa furaha. Lililonichelewesha ni lile neno la Mama. Hizi ni za leo. Hakuna Muislamu wa Fes aliyewahi kufika nyumbani kwetu kumfundisha maana ya rangi ile. Aliyemwambia ni Baba, na kama alimwambia, alimwambia tulipofika tu, alipomkabidhi kile kifurushi, mimi nikiwa nje nawahesabia wadogo zangu milango ya Fes.

Kwa hiyo Jumapili ile niliposimama juu ya kiti, sikumdanganya mtu. Mama alikuwa tayari anajua. Alikuwa amezivaa sapatu zile. Alinitazama nikisema Baba yangu amepona, na akapiga vigelegele kuliko kanisa zima, ili sauti yangu isibaki peke yake.